Gazi si adui, adui ni namna tunaifunga

Wandugu vijana wa Goma na Bukavu,

Familia zinazoacha makala na kuingia kwenye gazi, tunaziunga mukono. Gunia la makala mara nyingi ni miti ya Virunga. Lakini kwenye nyumba zetu za mbao, ukuta kwa ukuta, chupa moja iliyofungwa vibaya inaweza kuchoma avenue nzima.

Gazi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja, haipande juu: inashuka, inakaa chini ya kitanda, inangojea cheche. Kwa hiyo chupa isimame wima, pahali penye upepo kupita, isifichwe kabatini. Mupira ukipasuka, ubadilishwe, usifungwe na skochi. Kila mara munafunga chupa mupya, pakeni maji ya sabuni kwenye viungo. Povu likitoka, fungeni robine. Musipime na kiberiti hata siku moja! Mukisikia harufu ndani, musiguse taa: fungeni chupa, fungueni milango, tokeni inje.

Lakini tusidanganyane. Sabuni ya mama haiwezi kufanya kazi ya serikali. Nani anakagua chupa na mipira inayouzwa sokoni? Moto ukiwaka, wa kwanza kufika ni majirani na ndoo.

Tunadai mambo matatu: muuzaji aonyeshe mununuzi namna ya kufunga, wakaguzi wapite madukani, na kila mutaa upate njia ya gari la kuzima moto.

Tuseme leo, tusingojee kuhesabu majivu.