Utasa wa Nani? Wanawake Waandishi na Uasisi wa Taifa la Kenya

Si zamani sana, mwandishi wa makala haya alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha nne katika shule moja isiyo mbali na Rodi Kopany, pale barabara itokayo Homa Bay kwenda Rongo inapokutana na ile ya Ndhiwa. Ubaoni palikuwa pangali na maandishi ya somo lililotangulia: "Waasisi wa fasihi ya taifa letu." Chini ya anwani hiyo palikuwa na majina saba, yote ya wanaume. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, na Grace Ogot je?" Mwenyeji wetu, mwalimu mwenye bidii na anayependwa na wanafunzi wake, alijibu bila kusita kwamba huyo aliandika hadithi za ndoa na za uchawi, waliotajwa ubaoni ndio walioandika taifa.

Hatukumkosoa mbele ya wanafunzi wake. Isitoshe, kosa lenyewe si lake. Maneno aliyoyatamka ni yetu sisi tuliomfundisha, naye ameyapokea kama tulivyompa. Kwa hiyo makala haya hayamjibu mwalimu yule, bali yanawajibu wahakiki. Dai letu ni kwamba Grace Ogot na wenzake hawakuandika kando ya taifa. Waliandika swali ambalo taifa hilo liliasisiwa juu yake, nalo ni hili: nani hutolewa kafara ili wengine wapate mvua, na je, huulizwa kwanza? Sisi hatukuliona swali hilo kwa sababu tulikwisha kukubaliana kwamba taifa ni msitu, gereza na Bunge, na kwamba nyumba ni mahali ambapo taifa huenda kulala.

Tuanze na tarehe, maana katika mjadala huu tarehe zimepuuzwa mno. Mnamo Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere. Achebe alikuwapo, na Soyinka, na Mphahlele, na Ngũgĩ wa Thiong'o ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi akiitwa James Ngugi. Grace Ogot, muuguzi aliyepata mafunzo Mengo na London, alisoma hadithi yake kuhusu mwaka wa kafara. Hadithi hiyo ilichapishwa katika jarida la Black Orpheus mwaka 1963, na baadaye ikajulikana kwa jina la "The Rain Came". Mwaka huohuo wa 1963 tamthilia ya Rebeka Njau, The Scar, ilitokea katika Transition. Mwaka 1964 Transition ilichapisha hadithi nyingine ya Ogot. Kisha, mwaka 1965, Taban lo Liyong akaandika katika East Africa Journal ile makala yake mashuhuri, akiuliza iwapo utasa wa fasihi ya Afrika Mashariki unaweza kutibiwa.

Utasa! Makala hiyo imenukuliwa na vizazi viwili vya wahakiki, na sisi pia tumo, kama cheti cha kuzaliwa cha fasihi yetu. Ni nadra kumwona mhakiki akisimama kulitazama neno lenyewe. Kwetu neno tasa aghalabu husemwa juu ya mwanamke. Ukoo ukikosa mtoto, wa kwanza kushukiwa ni yeye. Hapa basi ukoo mzima wa fasihi unaitwa tasa ilhali mwanamke amekwisha kujifungua, na mtoto yuko uwanjani analia. Atakayemtetea Taban atasema kwamba hata ardhi huitwa tasa, na kwamba alikusudia uhaba wa jumla. Hewala. Uhaba ulikuwapo kweli, na kelele yake iliwaamsha wengi. Lakini uhaba ni jambo la kuhesabiwa, na anayehesabu hana budi kuhesabu wote waliomo nyumbani.

Sasa tuitazame hadithi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo uhakiki wetu ulipojikwaa vibaya. Kwa muda mrefu tumeifundisha "The Rain Came" kama ngano ya Kijaluo iliyotiwa katika Kiingereza, kielelezo cha "matumizi ya fasihi simulizi katika fasihi andishi". Wanafunzi hutakiwa kutaja mbinu zake. Muhtasari wake ni huu. Nchi imekauka. Mganga wa mvua anatangaza kwamba Oganda, binti wa mtemi Labong'o, hana budi kutolewa kwa zimwi la ziwani. Wazee wanaketi. Oganda hakualikwa, anaona watu wakinong'ona juu yake, naye anadhani wanazungumzia harusi yake, hata anaanza kuwapima moyoni vijana wanaoweza kumposa. Watu wote wanajua jambo lisilojulikana na mwenye jambo. Anapofika ziwani, Osinda ampendaye anamwokoa, wanakimbia pamoja, na mvua inanyesha.

Mvua inanyesha! Hilo ndilo kiini cha hadithi, na ajabu ni kwamba mhakiki hupita juu yake kama vile ni pazia la kufungia mchezo. Kafara halikufika kwa zimwi, lakini mvua ilikuja. Basi ile hoja ya wazee, kwamba hakuna njia nyingine ila binti huyu afe, ilikuwa na uzito gani? Ogot haisemi wazi, wala hana haja ya kuisema. Katika sentensi chache za mwisho ameing'oa nguzo ya baraza zima.

Na alikuwa akisoma hadithi hiyo lini? Mapema mwaka huohuo wa 1962 wajumbe wa Kenya walikuwa Lancaster House, London, wakijadiliana kuhusu katiba ya nchi itakayozaliwa. Katika ujumbe wao mwanamke Mwafrika alikuwa mmoja tu, Priscilla Abwao. Hatudai kwamba Ogot aliandika fumbo kuhusu Lancaster. Madai ya namna hiyo ni rahisi kutoa na ni vigumu kuthibitisha. Tunachodai ni kwamba hadithi kuhusu baraza linaloamua hatima ya asiyekuwapo, ikisomwa mbele ya wasomi wa Afrika katika majira ambapo mabaraza ya namna hiyo yalikuwa yakiamua hatima ya nchi nzima, haiwezi kuitwa ngano ya uchawi na mtu aliyefumbua macho. Kama mwanamume angaliiandika, tungalikuwa na tasnifu kumi kuhusu "usawiri wa uongozi katika kipindi cha mpito".

Ubaguzi huu unadhihirika zaidi tukifika mwaka 1966. Mwaka huo shirika la East African Publishing House lilitoa vitabu viwili ambavyo msomaji angeweza kuvinunua siku moja katika duka moja. Kimoja ni Song of Lawino cha Okot p'Bitek. Cha pili ni The Promised Land cha Grace Ogot. Cha kwanza kimesifiwa, na kwa haki, kuwa ni sauti ya mwanamke wa Kiafrika anayeihukumu jamii yake mpya. Kimetafsiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa. Cha pili kiliambiwa kwamba muundo wake ni legelege na mwisho wake wa miujiza hauaminiki. Sauti ya mwanamke ilisikika vizuri ilipotoka kinywani mwa mwanamume; ilipotoka kwa mwenyewe tulianza kukagua muundo.

Kuhusu muundo tutakubali kidogo. Riwaya ina mapengo, na sehemu ya mganga na miiba inayoota katika ngozi ya Ochola inakwenda mbio kuliko inavyostahili. Lakini aliyekulia upande wetu, kusini mwa Ghuba ya Winam, hawezi kuisoma riwaya hiyo kama hadithi ya kurogwa tu. Ochola anamchukua mkewe Nyapol kutoka Seme kwenda Tanganyika, upande wa Musoma, kutafuta ardhi pana na utajiri. Nyapol hataki. Anakwenda kwa sababu ameolewa. Wanatajirika, jirani anawaonea husuda, Ochola anaugua, na hatimaye wanarudi kwao wakiiacha mali nyuma. Kutoka Rodi Kopany mpaka wa Tanzania uko karibu kuliko Nairobi. Watu wa huku wana jamaa Rorya na Musoma, na safari ya Ochola ni safari ya babu za watu tunaowafahamu. Walipoondoka hawakuona kwamba wanatoka katika taifa moja kuingia jingine. Riwaya ilipotoka, miaka mitatu baada ya uhuru, mpaka huo ulikuwa umegeuka kuwa mpaka wa dola mbili, na neno "ardhi" lilikuwa neno zito kuliko yote katika siasa ya Kenya. Mwaka huohuo Oginga Odinga alijiondoa katika serikali, na suala la nani aliyenufaika na ardhi ya walowezi lilikuwa katikati ya ugomvi.

Katika mwaka kama huo mwanamke anaandika kitabu, anakiita nchi ya ahadi, na ndani yake anaonyesha kwamba ahadi hiyo ilitolewa kwa mume bila mke kuulizwa. Kwamba ardhi "tupu" huwa na wenyewe. Kwamba mwenye kujilimbikizia huku jirani akitazama hatalala salama. Nyapol aliyaona hayo tangu mwanzo. Tukitaka kuuita mtazamo huo "mambo ya ndoa", basi na tukiri kwamba ndoa ni katiba ya kwanza ambayo raia wengi wa nchi hii waliishi chini yake.

Lipo jambo jingine, na hili linawahusu hasa wale wanaopenda kunukuu Decolonising the Mind ya mwaka 1986. Ngũgĩ, aliyefariki mwaka 2025, alisifiwa duniani kote kwa kurejea Kikuyu na Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1980. Anastahili sifa hiyo. Aliilipia kwa kizuizi na uhamisho. Lakini kati ya 1981 na 1983 Grace Ogot alitoa vitabu vinne kwa Kijaluo: Ber Wat, Aloo kod Apul-Apul, Simbi Nyaima na Miaha. Ni makala mangapi ya nadharia ya lugha za Kiafrika yanayovitaja? Mhakiki huyohuyo anayelia kwamba waandishi wetu ni watumwa wa Kiingereza anapita mbele ya rafu hiyo asitazame kando. Na si kwamba havina uzito. Miaha, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na Okoth Okombo mwaka 1989 kwa jina la The Strange Bride, kinaishika ile hadithi ya asili ambamo jembe lilikuwa likilima lenyewe mpaka bibi harusi alipolishika kwa mikono yake, na tangu hapo binadamu akawa hana budi kufanya kazi. Wazee huisimulia kama kisa cha kosa la mwanamke. Ogot anampa bibi harusi huyo, Nyawir, jina, akili na sababu, na msomaji hubaki akijiuliza kama jamii isiyojua jasho ingeweza kuitwa jamii. Kuna uasisi gani ulio wa kina kuliko huo?

Kuhusu Simbi Nyaima, ziwa lenyewe liko karibu na Kendu Bay, na kila mtoto wa huku ameisikia habari ya bikizee aliyefukuzwa kwenye sherehe usiku, na kijiji kikazama. Tutasema tu kwamba watu waliokuwa ndani wakila na kunywa nao walijiona kuwa ndio kijiji.

Wapo watakaotukumbusha siasa ya Ogot. Ni kweli aliteuliwa kuingia Bungeni mwaka 1983, akachaguliwa mbunge wa Gem mwaka 1985, akawa waziri msaidizi katika serikali ya Moi, katika muongo ambao waandishi wenzake walifungwa au kukimbia. Hatutalifunika jambo hilo. Mwenyekiti wa zamani wa chama cha waandishi wa Kenya alipaswa kusema zaidi ya alivyosema, na atakayeandika wasifu wake aseme hivyo bila kigugumizi. Lakini kanuni hiyo ya kuifuta kazi kwa sababu ya kiti alichokalia mwandishi haitumiwi kwa wanaume waliokalia viti vikubwa zaidi. Tena kuna kinaya hapa. Katika The Graduate ya mwaka 1980 Ogot alimbuni mwanamke anayekuwa waziri wa kwanza wa kike na kwenda Marekani kuwashawishi wanafunzi Wakenya warudi kuijenga nchi. Kenya yenyewe haikuwa na waziri mwanamke mpaka Nyiva Mwendwa alipoteuliwa mwaka 1995. Kwa miaka kumi na mitano riwaya hiyo fupi ilikuwa mahali pekee ambapo wadhifa huo ulikuwa umejazwa.

Margaret Ogola, daktari wa watoto aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2011, alipotoa The River and the Source mwaka 1994 aliutia uzi huo katika sindano nyingine. Akoko, mjane aliyenyang'anywa haki na shemeji yake, anasafiri hadi Kisumu kuishtakia serikali ya kikoloni. Dola inaingia katika maisha ya watu wale kupitia shauri la mjane. Kitabu kilipata tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1995, kikawa kitabu cha kutahiniwa, na kwa hiyo kimesomwa na Wakenya wengi kuliko takriban riwaya zote za wale saba wa ubaoni. Sisi tukakiita kitabu cha shule.

Imebaki hoja ya wenzetu wa idara za Kiswahili, kwamba Ogot na Ogola hawakuandika kwa Kiswahili na hivyo si mzigo wetu. Hoja hii ingekuwa na heshima kama isingetolewa na watu wanaofundisha Shujaa Okonkwo na Wema Hawajazaliwa, tafsiri za riwaya za mwanamume wa Nigeria na mwanamume wa Ghana. Tulivuka nusu ya bara kuwafuata Achebe na Armah, tukafanya vyema. Kutoka Rodi Kopany hadi Asembo, kijijini kwa Ogot, ni kuzunguka ghuba tu. Nani atakayeitafsiri Miaha moja kwa moja kutoka Kijaluo, bila kupitia Kiingereza? Wanafunzi wenye kuzimudu lugha zote mbili wamejaa katika madarasa yetu. Msichana yule wa nyuma, kwa mfano, alituuliza swali lake kwa Kiswahili sanifu, kisha akamnong'onezea mwenzake jambo kwa Kijaluo, nao wakacheka, wakitazama ubaoni.