Gharama za Kuhama Zipangwe Kabla ya Gari Kufika

Kuhama ndani ya jiji la Dar es Salaam, tuseme kutoka Buguruni kwenda Mbagala, huonekana kuwa jambo dogo. Hata hivyo, kodi ya miezi 6 na ujira wa dalali, ambao aghalabu ni kodi ya mwezi 1, vikishalipwa, mfukoni hubaki kidogo. Hapo ndipo gari huitwa bila hesabu.

Tunawanasihi wazazi waketi pamoja, waorodheshe vyombo vyote, kisha waulize bei kwa wasafirishaji 3. Kila mmoja aelezwe ukubwa wa friji na kabati, nyumba iko ghorofa ya ngapi, na kama gari litafika mlangoni au litaishia barabarani. Kirikuu kwa safari 3 yaweza kuwa ghali kuliko Canter kwa safari 1.

Katika fiqhi ya ijara, kazi na ujira sharti vijulikane kwa pande zote mbili. Basi na iandikwe: je, bei inajumuisha wapakiaji, kufungua vitanda na kuviunga tena, na fidia ya kioo kikivunjika? Lisiloandikwa huzuka mlangoni, mizigo ikiwa garini, na mwenye mali hana tena nguvu ya kukataa.

Mwisho, itengwe akiba ya chakula cha siku 2 na umeme wa LUKU. Nao wapakiaji walipwe papo hapo, bila kuzungushwa. Nyumbani kwao pia kunangojewa chakula.

Wabillahi tawfiq.