Mashine Yasawazisha Sauti, Maana Yasawazishwa na Nani?

Mwimbaji wa taarabu aliyefunzwa akafunzika hakai na sauti moja tangu mwanzo hata mwisho. Penye sifa huipaza, penye malalamiko huiburura, na afikapo penye fumbo huishusha mpaka wasikilizaji wakainamisha vichwa kumtegea sikio. Kushusha huko si udhaifu wa koo. Ni ishara kwa mwenye akili kwamba hapa pana jambo, na ukumbi mzima huielewa. Ndipo utamwona mmoja ameinuka kwenda kutuza, kwa kuwa neno limemfika.

Siku hizi ishara hiyo imepata mpinzani asiyeonekana ukumbini. Yumo ndani ya kompyuta ya fundi wa sauti, naye ni programu ndogo, mafundi huziita plagini, ambayo kazi yake ni kusawazisha sauti. Huisikiliza sauti ya mwimbaji. Ikipanda huishusha, ikishuka huipandisha, na yote hayo bila ya mkono wa mtu. Fundi hubonyeza mara moja, akaenda zake kunywa kahawa, na arudipo hukuta wimbo umenyooka kama barabara ya lami.

Je, chombo hiki ni rafiki wa utungo au ni adui? Jawabu langu ni kwamba ni mtumishi mwema sana, lakini ni kadhi mbaya. Akitumwa na mtu anayelijua shairi, hufanya kazi ya kushukuriwa. Akiachiwa aamue mwenyewe, hukata hukumu kwa kipimo cha sauti peke yake, na maana haina kipimo katika mashine.

NAMNA MBILI

Tufahamu kwanza chombo chenyewe. Kuna kompresa, ambayo si ngeni. Masanduku yake, kama vile Fairchild 670 na LA-2A, yalikuwa yakitumika katika studio za Marekani tangu miaka ya 1950 na 1960, na plagini nyingi za leo ni nakala za masanduku hayo. Kompresa huwekewa mpaka. Sauti ikiuvuka, hukandamizwa kwa kadiri iliyopangwa. Kwa mfano, ikipangwa nne kwa moja, sauti iliyouvuka mpaka kwa desibeli 8 hutoka ikiwa imeuvuka kwa desibeli 2 tu. Kisha fundi huupandisha wimbo wote, na kile kilichokuwa kidogo huonekana kikubwa.

Namna ya pili huiga mkono wa fundi. Zamani fundi alikaa na kidole juu ya kitufe cha sauti, akakitelezesha juu na chini kwa kumfuata mwimbaji neno kwa neno. Plagini kama Vocal Rider hufanya kazi hiyo hiyo. Huambiwa sauti ikae wapi, na iruhusiwe kupanda na kushuka kwa kiasi gani. Tena yaweza kuusikiliza muziki wenyewe, ikampandisha mwimbaji pale vyombo vinapomzidi nguvu.

Wala tusiwalaumu vijana wa studio kwa kuvipenda vyombo hivi. Taarabu ya zamani ilikuwa na udi, fidla, tabla na tashkota, na mizani yake ilipatikana kwa kuketi: mwenye ngoma alikaa mbali na maikrofoni, mwimbaji akakaa karibu. Tangu miaka ya 1990 vinanda vya umeme na ngoma za mashine vimeshika nafasi, navyo havina adabu ya kumpisha mwimbaji. Na msikilizaji mwenyewe yuko wapi? Yuko ndani ya tuktuk, simu mkononi, na honi nje. Akipotewa na neno moja katika kila matatu, shairi limekufa. Kumsaidia alisikie ni haki ya mtunzi. Katika hotuba na mawaidha faida ni kubwa zaidi, kwani msemaji hugeuza uso kulia na kushoto, na mashine humrudisha karibu na sikio kila anapojitenga na maikrofoni.

Hadi hapo hatugombani.

PENYE FUMBO

Ugomvi waanzia pale neno linaposhushwa kwa makusudi. Tuchukue mshororo mmoja wa kutungwa kwa mfano tu: "Nyumba niliyoijenga, sikujua mlangowe." Ukwapi wake ni wa mtu anayejigamba, na mwimbaji ataupaza. Utao ni wa mtu aliyefedheheka, na mwimbaji ataushusha, hasa hilo neno la mwisho, alitoe kama anayesema peke yake. Katika tofauti hiyo ya sauti ndimo ilimokaa habari yote ya mume, mke na nyumba.

Sasa ipitishe katika mashine iliyopangwa kwa ukali. "Niliyoijenga" itabanwa ishuke, na "mlangowe" itavutwa ipande, mpaka maneno hayo mawili yasimame bega kwa bega. Hakuna herufi iliyopotea, na hakuna atakayesema kwamba shairi limebadilishwa. Lakini aliyefedheheka sasa anasema kwa sauti ile ile ya aliyejigamba. Fumbo limefumuliwa kabla ya kufumbwa.

Si hayo tu. Mashine haijui pumzi na neno ni vitu viwili. Mwimbaji anyamazapo ili neno liingie moyoni, programu isiyopangwa vizuri hudhani sauti imepotea, ikaanza kuitafuta, ikaishia kuipandisha pumzi, na feni ya dari, na mlio wa kiti. Nao waliosoma vyuoni wanajua tangu utotoni kwamba mahali pa kusimama nako ni sehemu ya kusoma. Anayerekodi kisomo au kasida, akauacha ukimya ujazwe mivumo, ameondoa kitu ambacho msomaji alikiweka kwa kukusudia.

Tukumbuke ya kwamba taarabu ya Mombasa imesimama juu ya mtunzi. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliimba tungo za Ahmad Nassir. Zein l'Abdin, aliyefariki 2016, aliimba tungo za Sheikh Ahmed Nabhany. Katika jadi hiyo sauti ni chombo, na shehena ni maneno. Nahodha hawezi kukisawazisha chombo bila ya kujua kilichopakiwa.

MAKELELE HAYALIPI

Wapo watakaosema: usipoukandamiza wimbo mpaka ukavimba, utaonekana mnyonge ukipigwa baada ya nyimbo za wengine. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Ndiyo iliyowafanya watu wa Ulaya na Marekani washindane kwa miaka mingi, kila mmoja akitaka santuri yake ipige kelele kuliko ya mwenzake. Mwaka 2008 kundi la Metallica lilipotoa santuri iitwayo Death Magnetic, mashabiki wenyewe walilalamika kuwa imekandamizwa mpaka inakwaruza, kwani nyimbo zizo hizo zilizokuwa ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilisikika safi zaidi.

Tangu hapo mambo yamegeuka. Mwaka 2010 Umoja wa Watangazaji wa Ulaya uliweka kipimo cha pamoja cha ukubwa wa sauti katika matangazo. Mwaka huo huo Marekani ilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Desemba 2012, kwamba tangazo la biashara katika televisheni lisipige kelele kuliko kipindi linachofuatana nacho. Mitandao ya muziki nayo ikafuata njia hiyo. Spotify kwa kawaida huusogeza kila wimbo kwenye kipimo cha LUFS 14 chini ya sufuri, na YouTube hushusha nyimbo zilizozidi. Maana yake ni kuwa ukiukandamiza wimbo ili uvume, mtandao utaushusha uwe sawa na wa jirani yako, na kilichobaki mkononi mwako ni ule ukandamizaji tu. Debe tupu ndilo livumalo, lakini sasa hata kuvuma limenyimwa.

Basi fundi afanyeje? Aanze kwa kuyasoma maneno ya wimbo, na akiweza amuulize mtunzi ni wapi sauti imeshushwa kwa makusudi. Plagini aipe ruhusa ndogo, desibeli 2 au 3 juu na chini, zinatosha kuokoa neno linalozama. Asitumie mipango iliyokuja tayari na programu bila ya kuisikiliza, kwani aghalabu ilipangwa kwa nyimbo za watu wengine. Nao wahenga walitukanya tusisafirie nyota ya mwenzetu. Kisha arudi penye mafumbo, aizime mashine, apapange kwa mkono wake. Muziki ndio ushuke kumpisha mwimbaji, badala ya mwimbaji kuvutwa juu apigane na kinanda.

KANDA ZA WAZEE

Kuna jambo moja zito kuliko haya yote. Wimbo mpya ukiharibika, mwimbaji yu hai, atauimba tena. Lakini nyimbo za wazee zimo katika kaseti: zile zilizotolewa na maduka kama Mbwana Radio Service la Mombasa, na zile nyingi zaidi zilizorekodiwa na watu majumbani, usiku wa harusi, kwa radio-kaseti iliyowekwa juu ya kiti.

Na hizo radio-kaseti, nyingi zilikuwa tayari na kisawazishi chake cha ndani, kinachojiendesha. Sikiliza kanda yoyote ya namna hiyo: tabla ikipigwa kwa nguvu, sauti ya mwimbaji huzama ghafla, kisha hupanda taratibu, na pamoja nayo hupanda mvumo wa utepe. Kwa hivyo kanda hizo zilikwisha kusawazishwa mara moja bila ya kuulizwa. Leo kijana huzichukua kwa nia njema, akazitia katika kompyuta, akazisawazisha mara ya pili ili zipendeze katika simu. Akishamaliza, kanda hutupwa.

Kilichokandamizwa hakirudi. Tofauti ya sauti ikishafutwa katika nakala ya pekee, hapana fundi atakayejua Bibi fulani alilishusha neno lipi, wala mtafiti wa kesho hatakuwa na pa kuanzia. Na utepe wenyewe haungoji. Joto na unyevu wa pwani unaula kila mwaka.

Kila mwenye kanda za aina hiyo nyumbani basi na afanye hivi. Kabla ya kusafisha chochote, atoe nakala moja kamili kama kanda ilivyo, na mivumo yake na mikwaruzo yake, isiyopitishwa katika plagini yoyote. Ya kupendezesha aitengeneze kando kutokana na hiyo, na asitupe kaseti yenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo juu ya faili aandike jina la mtunzi, jina la mwimbaji, mwaka na mahali ikiwa vyajulikana, na mwisho aongeze neno moja: haijaguswa.