Afisa Kijana na Zamu ya Usiku

Usiku, manowari ya Marekani mara nyingi huwa chini ya afisa mwenye umri wa miaka ishirini na kitu. Nahodha amelala, na afisa wa zamu ndiye anayeamua kasi na mwelekeo wa chombo cha tani zaidi ya 8,000 chenye mabaharia wapatao 300. Kukicha, afisa huyohuyo anarudi kwenye kikundi chake cha mabaharia: anawaombea likizo, anaandika tathmini zao, anafukuzia vipuri ambavyo havijafika. Anatakiwa aongoze watu na aongoze meli, na yote mawili anajifunza akiwa tayari kazini.

Kwa miaka mingi maafisa hao walipitia kwanza shule ya Newport, Rhode Island, wakasomeshwa kwa miezi kadhaa kabla ya kupelekwa melini. Mwaka 2003 kozi hiyo ilifutwa ili kubana matumizi. Afisa mpya akawa anakabidhiwa CD za kujisomea, na kazi ya kumfundisha ikaachiwa nahodha, ambaye tayari alikuwa na ratiba ya safari iliyomzidi. Kozi fupi za darasani zilirudishwa baadaye, ila desturi ilikuwa imeshakaa: elimu ya usukani ingeokotwa njiani, huku beji ya umahiri ikitolewa na nahodha wa meli husika kwa kipimo chake mwenyewe.

Matokeo yalionekana mwaka 2017. Usiku wa Juni 17, karibu na rasi ya Izu nchini Japani, manowari USS Fitzgerald ilikuwa ikienda kwa kasi ya noti 20 hivi kwenye njia yenye meli nyingi. Meli ya kontena ACX Crystal ilikuwa inakuja kutoka upande wake wa kulia. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano ziko wazi: meli mbili zinapokatana njia, ile inayomwona mwenzake kuliani ndiyo inayopisha. Fitzgerald haikupisha. Mabaharia wa kutazama bahari walikuwa upande wa kushoto tu. Waliokuwa chumba cha usukani na waliokuwa kwenye rada chumba cha operesheni hawakuwa wakipeana taarifa. Maagizo ya nahodha yalitaka aamshwe pale meli nyingine inapokaribia mno, na simu ya kumwamsha ilikuwa hapohapo. Hakuna aliyempigia. Meli hizo ziligongana, na mabaharia saba wakafa kwenye chumba cha kulala kilichojaa maji.

Alfajiri ya Agosti 21, wakati USS John S. McCain inakaribia mlango bahari wa Singapore, nahodha mwenyewe alikuwa amesimama chumba cha usukani. Aliamuru kazi igawanywe, mmoja ashike usukani na mwingine kasi. Katika kuhamisha vidhibiti vya skrini, usukani nao ukahamia meza nyingine bila mshikaji kujua, akatangaza kuwa umekufa. Meli ikakata kushoto mbele ya meli ya mafuta Alnic MC, zikagongana, wakafa watu 10. Baadhi ya waliokuwa zamu walikuwa wameazimwa kutoka USS Antietam, yenye mtambo tofauti wa usukani.

Mapema mwaka 2018 maafisa wa zamu 164 walipimwa kwenye mitambo ya kuigiza safari. Waliofaulu bila dosari walikuwa 27. Wengine 108 walikuwa na kasoro kadhaa, na 29 kasoro kubwa. Jeshi la majini likaanzisha daftari la kuandikia saa za kila afisa usukanini, kisha kozi mpya ya uongozaji meli kuanzia 2019. Hatua hizo ni za maana, na daftari huenda ndilo la maana kuliko zote, kwa sababu linaonyesha kile ambacho beji ilikuwa inakificha.

Lakini daftari haliongezi saa. Jeshi hilo huingiza maafisa wapya wengi kuliko nafasi zilizopo melini, kwa kutarajia kuwa wengi wataacha, na kweli wanaacha: ripoti ya wakaguzi wa Bunge la Marekani ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa baada ya miaka 10 hubaki asilimia 33 tu, na kwa wanawake asilimia 12. Wakati huohuo zamu za usukani ni zilezile, hivyo kila kichwa kinachoongezwa kinapunguza saa za wenzake. Kwenye meli za biashara hali ni nyingine. Mwanafunzi wa chuo cha ubaharia, awe wa Dar es Salaam au Manila, anayefuata mafunzo yaliyoidhinishwa, hapewi cheti cha afisa wa zamu kabla ya kutimiza miezi 12 ya utumishi baharini, na mafunzo yake ya melini huandikwa kwenye kitabu chake.

Jeshi la majini la Uingereza limeenda mbali zaidi: afisa wa uongozaji meli na mapambano ni mmoja, mhandisi ni mwingine, na kila mmoja hubaki kwenye fani yake. Marekani humzungusha afisa mmoja kati ya injini, silaha na usukani. Wanaotetea mfumo huo wanasema nahodha asiyeijua injini hataelewa meli yake inapopigwa na kuanza kuzama. Hoja hiyo ina uzito kwa nahodha, ambaye amekuwa na miaka karibu ishirini ya kujifunza. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza ni anasa. Bado hajajua kusoma rada, na mabaharia wanaliona hilo upesi. Utii wao kwenye tathmini na likizo hautamsaidia saa saba usiku iwapo hawaamini macho yake, wala yeye hatathubutu kumwamsha nahodha iwapo hajui kama anachokiona ni hatari.

Kwa hiyo usukani utangulie, injini zifuate. Idadi ya maafisa wapya ishushwe ilingane na zamu zilizopo, na mtihani wa mwisho utolewe na mtu asiye nahodha wao. Pasipo kupunguza idadi, kozi mpya zitaendelea kutoa wahitimu wanaosubiri foleni ya kushika usukani.