Mfanyabiashara wa mpakani na mkwaju mmoja wa adhabu

WAFANYABIASHARA wanaovuka mipaka ya Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa uvumilivu. Anayeamka saa tisa usiku kuwahi foleni Busia, au anayekesha juu ya magunia Namanga akisubiri karatasi moja, uvumilivu anao wa kutosha na wa kuwagawia wengine. Kinachowafilisi wengi si kukata tamaa. Ni kushindwa kukubali hasara ndogo wakati bado ni ndogo.

Hilo mchezo wa gofu unalifundisha vizuri kuliko semina nyingi za ujasiriamali. Ni kweli kwamba kwa watu wengi gofu ni mchezo wa wakubwa, unaochezwa Muthaiga au Entebbe na watu ambao mizigo yao huvushwa na mawakala. Lakini kanuni zake hazijali mfuko wa mtu. Mpira hupigwa pale ulipoangukia. Ukilala kwenye nyasi fupi, heri yako. Ukizama mchangani, upige humo humo. Hakuna kuusogeza kwa mguu eti kwa sababu upepo umekuonea.

Tarehe 18 Julai 1999, katika uwanja wa Carnoustie huko Uskochi, Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho la mashindano makubwa ya The Open akiongoza kwa mikwaju mitatu. Shimo hilo huhesabiwa la mikwaju minne. Yeye angeweza kutumia sita na bado akabeba kombe. Pigo lake la kwanza lilikwenda kando, ila mpira ukatulia pazuri. Mbele yake kulikuwa na kijito. Mtu yeyote mwenye kuhesabu angechukua fimbo fupi, akauweka mpira upande huu wa kijito, kisha akavuka kwa utulivu. Angepoteza mkwaju mmoja na angebaki na akiba.

Yeye aliamua kuvuka kwa pigo moja. Mpira uligonga chuma cha jukwaa la watazamaji, ukarudi nyuma, ukapiga ukuta wa mawe wa kijito na kutua kwenye nyasi zilizofika magotini. Akaupiga kutoka humo, ukatumbukia majini. Dunia nzima ilimwona akivua viatu na soksi, akikunja suruali na kushuka kijitoni, akifikiria kuupiga ukiwa ndani ya maji. Mwisho alikubali kulipa mkwaju wa adhabu, lakini wakati huo alikuwa ameshachelewa. Pigo lililofuata liliishia mchangani. Alimaliza shimo kwa mikwaju saba, akaingia mashimo manne ya ziada pamoja na Justin Leonard na Paul Lawrie, na kombe likaenda kwa Lawrie, Mskochi aliyeianza siku hiyo akiwa nyuma kwa mikwaju 10.

Wapo wanaomsifu Van de Velde kwa ujasiri. Huenda anastahili, maana mchezaji anaweza kurudi mwaka ujao. Mwenye lori la mahindi la mkopo hana anasa hiyo.

Machi 2021 Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama mpakani. Kwa aliyekuwa tayari kwenye foleni, mpira ulikuwa umeshaangukia kwenye nyasi ndefu. Angeweza kuuza upande huu kwa bei ya chini, kurudisha mzigo ghalani, au kusubiri. Kila siku ya kusubiri ilikuwa na bei yake: posho ya dereva, kodi ya lori, unyevu unaopanda kwenye magunia. Aliyeuza siku ya kwanza naye alijuta, kwani baada ya siku chache tu zuio lilibadilishwa kuwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti cha kuonyesha sumukuvu haizidi kiwango.

Kwa hiyo kukimbilia hasara si busara, na kung'ang'ania si busara. Gofu ina jibu la kiutendaji kwa jambo hili. Mchezaji aliyepoteza mpira vichakani hupewa dakika tatu za kuutafuta. Kabla ya 2019 zilikuwa tano. Zikiisha, mpira umepotea, hata kama anahisi uko hatua mbili mbele yake. Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba muda ulipangwa kabla mchezaji hajakasirika. Mfanyabiashara anayepakia nyanya Arusha kwenda Nairobi anaweza kufanya vivyo hivyo kabla injini haijawashwa: lori likikwama, litasubiri saa ngapi, bei ikishuka hadi wapi mzigo unauzwa, na unauzwa kwa nani upande huu. Anayeamua mambo hayo foleni, huku simu za wanunuzi zikilia na wadai nao wakipiga, huamua kwa hasira au kwa matumaini, na vyote viwili ni washauri wa gharama.

Mpango huo husaidia hata pale mkwamo unapokuwa mrefu kupita makadirio yote. Rwanda ilipofunga njia ya Gatuna mwishoni mwa Februari 2019, hapakuwa na aliyejua kwamba ingefunguliwa Januari 31, 2022. Malori yalielekezwa kuzunguka kupitia Mirama Hills na Kagitumba. Aliyekuwa na njia moja tu na mnunuzi mmoja tu aliumia zaidi ya aliyekuwa nao wawili.

Lakini kuna upande wa pili wa gofu ambao wahubiri wa ustahimilivu huusahau. Si kila kizuizi mchezaji hutakiwa kukilipia. Mpira ukiingia majini, analipa mkwaju. Mpira ukizuiwa na kitu kilichojengwa na watu, kama jukwaa la watazamaji, anausogeza bure. Mpira wa Van de Velde ungebaki pale jukwaani, angeushusha bila adhabu yoyote.

Mpakani watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Mvua, bei kushuka na shilingi kuyumba ni maji ya kijito, lipa, endelea. Lakini kizuizi cha barabarani kisicho na amri, ada isiyo na risiti, au ofisa anayedai cheti ambacho sheria haikitaji, hivyo vimejengwa na watu. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani huvuka kwa cheti rahisi cha uasili bila kutozwa ushuru wa forodha. Hata hivyo wapo wanaokwepa dirisha la forodha na kupita njia za panya, ambako hutoa "chai" mara tatu na wakikamatwa hupoteza mzigo wote. Wanalipa mkwaju ambao kanuni haiwadai.

Aliye dirishani naye asome kabla ya kutia saini. Mwaka 1968, katika mashindano ya Masters huko Marekani, Muargentina Roberto De Vicenzo alitia saini kadi ambayo mwenzake alikuwa amemwandikia mikwaju minne kwenye shimo alilotumia mitatu. Kwa kanuni, alichosaini ndicho kilichohesabiwa, na alikosa nafasi ya kuwania ubingwa kwa tofauti ya mkwaju huo mmoja. Fomu iliyojazwa na wakala bado ni fomu ya mwenye mzigo.

Kulinganisha gofu na mpaka kuna kikomo chake, na ni haki kukitaja. Kwenye mashindano, kanuni hazibadilishwi mchezo ukiendelea, na mwamuzi akiitwa hufika mpira ulipo. Mpakani tangazo linaweza kutoka asubuhi na kuanza kazi adhuhuri. Jumuiya ina sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiushuru, na kila nchi ina kamati ya kuvifuatilia. Malalamiko hupokelewa, huorodheshwa na kupelekwa vikaoni. Mwenye saruji anaweza kungoja kikao. Mwenye nyanya anahitaji mtu wa kamati hiyo akae pale pale mpakani, awe na mamlaka ya kuamua kabla jua halijazama.