Utauwa Haupakwi wala Haununuliwi

Hoja za baadhi ya wahubiri tumezisikia sote: kwenye mikutano ya injili viwanjani, redioni alfajiri, na kwenye vipaza sauti vya makanisa ya mitaani kwetu. Zinasema kwamba utauwa hupatikana kwa upako wa mtumishi, kwa miujiza, kwa sadaka na kwa mifungo. Na kwamba anayehubiri neema peke yake anawalegeza watu. Nimezisikiliza kwa makini, nikafungua maandiko yale yale wanayoyataja, nami nasema hazisimami. Chemchemi ya utauwa ni moja, Kristo mwenyewe, naye hupokelewa kwa imani. Paulo anapomwandikia Timotheo kuhusu siri ya utauwa (1 Timotheo 3:16), hataji mbinu wala kifaa. Anasimulia habari za Kristo, tangu kuja kwake duniani hadi kuchukuliwa kwake juu. Ninyi wasomaji ndio mahakimu. Pimeni hoja moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba upako umo ndani ya vitu. Mafuta, maji au kitambaa kilichoombewa, wanasema, hubeba nguvu za Mungu, na anayevigusa hufunguliwa na kutakaswa. Ushahidi wao mzito ni Matendo 19, ambako leso na nguo za Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Tukio hilo limeandikwa, na silikani. Lakini Luka anasema Mungu ndiye aliyetenda, tena anaieleza miujiza hiyo kuwa si ya kawaida. Hakuifanya utaratibu wa kanisa. Pia anasema magonjwa yaliondoka na pepo wakatoka. Hasemi kwamba leso ilimfanya mtu yeyote kuwa mtauwa. Kisha sura hiyo hiyo, mistari michache mbele, inaonyesha walioamini Efeso walifanya nini: waliungama matendo yao, na waliokuwa wakifanya uganga wakaleta vitabu vyao wakavichoma mbele ya watu wote, vitabu vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Waliomwamini Kristo waliviacha vitu walivyodhani vina nguvu. Mhubiri anayeishia mstari wa 12 na kuanza kugawa chupa anawarudisha watu walikotoka Waefeso.

Hoja hiyo inajipinga yenyewe pia. Tunaambiwa nguvu ni za Mungu na hutolewa bure kwa wote, kisha tunaambiwa mafuta hayafai mpaka yatoke madhabahu fulani. Kauli hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Yakobo 5 inataja mafuta, ndiyo, lakini inawaita wazee wa kanisa lolote, na tumaini lote inaliweka kwenye maombi ya imani. Na fundisho hili lina gharama. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa waumini waliokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Marehemu hawana lawama; walifuata walichofundishwa. Kinachoshtakiwa hapa ni fundisho.

Hoja ya pili: miujiza ni uthibitisho wa utauwa. Mungu hamtumii mtu mchafu, wanasema; basi anayeponya ni mtauwa, na kukaa chini ya huduma yake ni kuushiriki utauwa wake. Petro alikwisha kuijibu. Katika Matendo 3, baada ya kiwete wa Mlango Mzuri kusimama na kutembea, umati ulimkodolea macho Petro. Yeye akawauliza kwa nini wanawatazama yeye na Yohana kana kwamba utauwa wao ndio uliofanya jambo lile, akawaelekeza kwa Yesu. Mtume aliyekuwa na muujiza mkononi aliikataa sifa ambayo wahubiri wa leo wanaidai. Halafu kuna Yuda. Mathayo 10 inamhesabu kati ya wale kumi na wawili waliopewa amri ya kuponya, na hakuna aliyesikia kwamba hilo lilimfanya mtauwa. Kanisa la Korintho halikupungukiwa karama yoyote, lakini Paulo aliliita la mwilini kwa sababu ya wivu na ugomvi. Kama karama ingekuwa chemchemi ya utauwa, Korintho lingekuwa kanisa takatifu kuliko yote.

Hoja ya tatu ni sadaka. Panda mbegu, wanasema, uvune baraka na uinuliwe kiroho. Namba ya kutuma pesa hutajwa papo hapo. Mfano wao ni mjane maskini wa Luka 21, aliyetoa senti zake mbili, yaani vyote alivyokuwa navyo. Nasisitiza kwamba kutoa ni wajibu wa Mkristo. Lakini someni mstari mmoja kabla ya habari ile. Mwishoni mwa Luka 20, Yesu amemaliza kuwalaani waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Wala hakuna neno lolote linalosema mjane yule alirudi kwake tajiri. Anayetumia habari yake kumkamua mjane wa leo amejiweka upande wa waandishi wale. Paulo naye, katika 1 Timotheo 6:5, anawataja watu wanaodhani utauwa ni njia ya kujipatia faida, na anawahesabu kati ya walioharibika akili na kuikosa kweli. Fundisho la mbegu ndilo kosa hilo hasa. Makanisa ya Makedonia yalitoa katika umaskini mkubwa, lakini 2 Wakorintho 8 inasema yalijitoa yenyewe kwanza kwa Bwana. Sadaka ilifuata.

Hoja ya nne ni mifungo na kuutesa mwili. Hapa wana nusu ya ukweli: Yesu alifunga, mitume walifunga, na Paulo alimwagiza Timotheo ajizoeze katika utauwa. Lakini mazoezi ni ya aliye hai. Hayampi maiti uhai. Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma, akarudi nyumbani bila kuhesabiwa haki. Wakolosai 2 inasema wazi kwamba amri za usishike, usionje zina sura ya hekima lakini hazina nguvu ya kuzizuia tamaa za mwili. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Watu waliaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu. Wengi wanaofunga hawajafika huko, na sitawabebesha lawama hiyo. Nasema tu kwamba ukishakubali kuwa njaa huzaa utakatifu, huna tena sababu ya kusema njaa ifike wapi ikome.

Hoja ya tano ndiyo nzito kuliko zote: neema peke yake huzaa ulegevu. Tito 2:11-12 inasema kinyume: neema ndiyo inayofundisha kuukataa uovu. Historia yetu nayo inashuhudia. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na Namirembe, Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1920, ulihubiri msalaba na toba. Walokole, yaani waamini wa uamsho huo, walirudisha mali walizoiba na kuungama hadharani. Huko Kenya, miaka ya 1950, wengi wao walikataa kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau, na baadhi waliuawa kwa sababu hiyo.

Mpinzani atauliza: mbona Rwanda hiyo hiyo, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, watu waliobatizwa waliwaua jirani zao hadi makanisani, Ntarama na Nyamata? Swali hilo ni la haki, na linauma. Lakini ubatizo, vyeo na majengo havikuwa vimepungua. Kama taratibu za dini zingezaa utauwa, damu ile isingemwagika. Na nikisema wauaji wale hawakuwa wamemjua Kristo, sibuni kisingizio baada ya tukio: 1 Yohana 4:20 iliandikwa karne nyingi kabla, ikamwita mwongo yeyote anayedai kumpenda Mungu huku akimchukia ndugu yake.

Hukumu ni yenu. Hoja nne za kwanza zinakupeleka kwa mtumishi, kwa chupa, kwa mfuko wako au kwa njaa yako. Ya tano inamwogopa Kristo asije akatosha. Ndugu msomaji, fungua maandiko hayo mwenyewe, soma na mistari inayotangulia na inayofuata, kisha umwendee Kristo mwenyewe. Hatozi kiingilio.