Chupa ya Soda Iachiwe Soda

Katika nyumba za askari jeshi na polisi, kama katika nyumba nyingine, chombo kitupu hakitupwi. Chupa iliyokuwa na soda hutiwa leo mafuta ya taa, kesho tindikali ya betri, na keshokutwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Mtoto hayajui mabadiliko hayo. Aionapo chupa ya soda, hudhani ni soda. Kwa sababu hiyo yafaa kila baba na mama wa nyumba afahamu vitu alivyo navyo, na nguvu yake ni kiasi gani.

Wanakemia huvigawa vitu hivyo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni tindikali, au asidi: maji ya ndimu, siki, mtindi, na ile ya betri ya gari. Fungu la pili ni alkali: maji ya majivu, magadi, sabuni, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na kostiki. Tindikali za chakula huwa na uchachu, na alkali huteleza mkononi; lakini kitu kisichojulikana hakipimwi kwa kuonjwa wala kwa kuguswa.

Mwaka 1909 mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyefanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alitunga kipimo kiitwacho pH. Kwa kawaida huanzia 0 hata 14. Maji safi husimama katikati, kwenye 7. Chini ya hapo ni tindikali, juu yake ni alkali. Maji ya ndimu hupata 2 hivi. Damu ya mtu 7.4, sabuni 9 au 10, na kostiki iliyoyeyushwa yaweza kufika 14. Tena kila hatua moja ni mara kumi: kitu chenye pH ya 3 kina nguvu ya tindikali mara 10 kupita chenye 4, na mara 100 kupita chenye 5.

Watu wengi huogopa tindikali na kuidharau alkali. Hilo ni kosa. Kostiki huyageuza mafuta ya mwili kuwa sabuni, kama iyageuzavyo mafuta ya mawese sufuriani, na hivyo hupenya ndani ya nyama. Mtoto aliyeimeza huungua umio; naye akipona, kovu laweza kuubana hata chakula kisipite.

Mtoto huyo asitapishwe, maana kitu hicho kitamwunguza mara ya pili kikipanda. Asinyweshwe siki wala ndimu, kwani alkali na tindikali zikutanapo hutoa joto. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe ili mganga aione. Ikimwagikia ngozi au macho, nguo zivuliwe, na mahali hapo paoshwe kwa maji mengi yatiririkayo kwa muda usiopungua dakika 20.

Vilevile, dawa ya kung'arishia nguo isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye tindikali. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani mwezi Aprili 1915 karibu na Ypres, nchini Ubelgiji. Askari ajuaye habari za vita hivyo asikubali gesi hiyo izaliwe chooni mwake.

Kostiki na tindikali ya betri zikae katika vyombo vyake vyenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na mkono wa mtoto. Chupa ya soda iachiwe soda.